Nani Atamlipa Mwenye Nyumba ya Wageni? Mchumi Amy Finkelstein na Swali la Bima ya Afya

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi ya serikali. Kati ya mambo mengi yaliyomo, sheria hiyo inapunguza fedha za Medicaid, mpango wa umma wa bima ya afya kwa watu wenye kipato cha chini. Aidha, inawataka watu wazima wengi walio katika mpango huo kuthibitisha kwamba wanafanya kazi, wanasoma au wanajitolea kwa saa 80 kila mwezi. Sharti hilo linapaswa kuwa limeanza kutumika kufikia tarehe 1 Januari 2027. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la nchi hiyo imekadiria kwamba, kutokana na sheria hiyo, watu wapatao milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo mwaka 2034. Baraza la Maaskofu Katoliki la Marekani lilieleza wazi wasiwasi wake juu ya mzigo utakaowaangukia maskini.

Mjadala huu ni wa Wamarekani, lakini swali lililo ndani yake linatuhusu sote. Mtu anapougua naye hana fedha, ni nani anayepaswa kubeba gharama, na kwa utaratibu gani? Tanzania imetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya ilianza kutekeleza mfumo wake mpya wa bima ya afya ya jamii tarehe 1 Oktoba 2024. Kila taifa linatafuta jibu lake. Ndiyo maana inafaa kumtazama mtaalamu mmoja aliyetumia takribani robo karne akilichunguza swali hili kwa subira: Amy Finkelstein, Profesa wa uchumi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ijulikanayo kama MIT.

Mwanazuoni wa kupima

Finkelstein alizaliwa mwaka 1973. Alisoma masuala ya utawala katika Chuo Kikuu cha Harvard, akaendelea na uchumi katika Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, na mwaka 2001 akapata shahada ya uzamivu MIT. Mwaka 2012 alitunukiwa Medali ya John Bates Clark, ambayo Chama cha Wachumi cha Marekani humpa mchumi aliye chini ya umri wa miaka 40 aliyetoa mchango mkubwa.

Swali lake la mwanzo lilikuwa la kinadharia, lakini kila mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana analifahamu. Bima hutegemea wengi kuchangia ili wachache watakaopatwa na shida wasaidiwe. Ikiwa kujiunga ni hiari, anayejijua kuwa mgonjwa huwahi kujiandikisha, na aliye mzima husema atajiunga baadaye. Mfuko hujaa wagonjwa, gharama hupanda, michango huongezwa, na wazima wachache waliokuwamo nao huondoka. Waafrika Mashariki hawahitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Mwaka 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nchini Tanzania uliposimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika mpango wa Toto Afya Kadi, sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwasajili watoto ambao tayari ni wagonjwa. Hatupaswi kuwalaumu wazazi hao, kwa kuwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa hutafuta msaada pale unapopatikana. Kasoro ilikuwa katika mpango uliosubiri ugonjwa ndipo mtu akumbuke kujiunga.

Baadaye Finkelstein aligeukia swali gumu zaidi: bima ya afya, inapopatikana, humletea mtu nini hasa? Aliichunguza Medicare, bima ya umma kwa wazee wa miaka 65 na zaidi iliyoanzishwa Marekani kwa sheria ya mwaka 1965. Yeye na mwenzake Robin McKnight walikuta kwamba, katika miaka kumi ya kwanza, mpango huo haukuonyesha kupunguza vifo vya wazee kwa kiwango kinachoweza kupimika. Lakini katika robo ya wazee waliokuwa wakitumia fedha nyingi zaidi mfukoni kwa matibabu, gharama hizo zilipungua kwa takribani asilimia 40. Matokeo hayo hayakumfurahisha kila mtu. Waliotaka kusikia kwamba bima huokoa maisha mara moja walisikitika. Waliotaka kusikia kwamba haina maana nao walikosa ushahidi.

Kura ya Oregon

Utafiti uliomfanya ajulikane zaidi ulitokana na uhaba. Mwaka 2008 serikali ya Oregon, magharibi mwa Marekani, ilipata fedha za kuwaingiza watu wazima wapatao 10,000 katika mpango wake wa Medicaid. Watu wapatao 90,000 walijiandikisha. Kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine iliyoonekana ya haki, serikali iliamua kupiga kura.

Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba hata nafasi ya Yuda katika kundi la Mitume ilijazwa kwa kura iliyomwangukia Mathia. Hata hivyo, Mitume walikuwa wakitafuta mtu mmoja kwa ajili ya huduma moja. Watu wa Oregon walikuwa wakigombea uwezo wa kumwona daktari. Kura ilikuwa ya haki kati yao, lakini ilikuwa pia alama ya upungufu wa haki katika jamii nzima.

Finkelstein, akishirikiana na Katherine Baicker na watafiti wengine, alitambua kwamba kura hiyo iliwagawa watu wenye hali zilizofanana katika makundi mawili: walioteuliwa na wasioteuliwa. Tofauti yoyote ambayo ingejitokeza baadaye kati ya makundi hayo ingeweza kuhusishwa na bima yenyewe. Watafiti walizifuatilia kumbukumbu za hospitali na za madeni, wakatuma madodoso, na katika eneo la jiji la Portland wakawapima afya watu zaidi ya 12,000.

Waliopata bima walimwona daktari mara nyingi zaidi, walitumia dawa walizoandikiwa, na wanawake wengi zaidi walifanyiwa uchunguzi wa saratani ya matiti. Walilazwa zaidi hospitalini. Kinyume na matarajio ya wanasiasa wengi, walikwenda pia katika idara za dharura kwa takribani asilimia 40 zaidi. Hoja kwamba bima hupunguza gharama kwa kuwaondoa watu katika idara hizo haikuthibitishwa.

Baada ya takribani miaka miwili, vipimo vya shinikizo la damu, lehemu na sukari katika damu havikuonyesha tofauti ambayo watafiti wangeweza kuithibitisha kitakwimu, ingawa wagonjwa wengi zaidi wa kisukari walitambuliwa na kuanza dawa. Lakini idadi ya waliokutwa na dalili za sonona ilipungua kwa takribani asilimia 30. Gharama za matibabu za kiwango cha kuifilisi familia zilikaribia kutoweka, na madeni ya hospitali yaliyopelekwa kwa wakusanya madeni yalipungua.

Kwa muumini, jambo hili linastahili kutafakariwa. Matunda yaliyoonekana mapema kabisa yalikuwa amani ya moyo na kuondolewa kwa hofu ya deni. Mafundisho ya Kanisa hayajawahi kumtazama mgonjwa kama mwili tu unaohitaji kurekebishwa. Mama anayelala bila kuhesabu ni mali gani atauza ili alipe dawa za mumewe amerudishiwa sehemu ya utu wake, hata kabla shinikizo la damu la mumewe halijashuka. Hata hivyo, uaminifu unatudai tusiseme zaidi ya kilichoonekana: kadi ya bima hufungua mlango wa hospitali, na kilichomo ndani ya mlango huo, yaani dawa, wauguzi na vipimo, kinahitaji juhudi yake yenyewe.

Huruma inayokubali kupimwa

Mfano mwingine unagusa moja kwa moja taasisi za huduma. Katika mji wa Camden, New Jersey, ulianzishwa mpango wa kuwasaidia wagonjwa wanaolazwa mara kwa mara kutokana na maradhi mengi na maisha magumu. Wauguzi, maofisa ustawi na wahudumu wa afya ya jamii waliwatembelea nyumbani, wakawasindikiza kwa daktari na kuwasaidia kupanga dawa zao. Mpango ulisifiwa nchi nzima, kwa kuwa wagonjwa waliohudumiwa walipungua sana hospitalini.

Viongozi wake walikubali kufanyiwa utafiti wa kweli, wagonjwa 800 wakigawanywa kwa kura. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Ndani ya siku 180, asilimia 62.3 ya waliohudumiwa na mpango walilazwa tena. Katika kundi la wasiohudumiwa ilikuwa asilimia 61.7. Wagonjwa wale walikuwa wameingizwa katika mpango wakati hali yao ilipokuwa mbaya kuliko kawaida, na wengi wangepata nafuu kiasi hata bila mpango.

Je, huruma ile ilikuwa bure? Hasha. Kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma lenye thamani mbele ya Mungu hata lisipopunguza siku za kulazwa. Lakini fedha za maskini ni amana. Hospitali, zahanati na miradi ya Caritas katika majimbo yetu huomba sadaka na ruzuku kwa ahadi ya kuleta mabadiliko. Viongozi wa Camden wametupa kielelezo cha unyenyekevu: walikuwa na sifa, wakakubali kuziweka kwenye mizani, na walipopata jibu wasilolitarajia hawakulificha.

Gharama hulipwa hata hivyo

Hapa ndipo utafiti wa Finkelstein unapokutana na mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Mara nyingi tunamkumbuka Msamaria na kumsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimpa dinari mbili, akamwomba amtunze majeruhi, na akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kulikuwa na malipo ya awali na ahadi ya kuaminika. Mwenye nyumba hakuachwa peke yake na mgonjwa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Finkelstein na wenzake Nathaniel Hendren na Erzo Luttmer waliuliza: serikali inapotumia dola moja kumpa maskini bima ya Medicaid, dola hiyo humwendea nani? Walikadiria kwamba takribani senti 60 huwaendea wengine, yaani wale waliokuwa wakibeba gharama za maskini kabla hajapata bima: hospitali zilizotibu bila kulipwa, mifuko ya misaada, na wengineo. Kwa maneno mengine, asiye na bima hakuwa akiachwa afe njiani. Tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani inazitaka hospitali zenye idara za dharura zimpime na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana fedha. Gharama ilikuwa inalipwa, ila kwa kuchelewa, kwa vurugu, na kwa kumdhalilisha mgonjwa.

Je, kwetu si hivyo? Ndugu akilazwa, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa, jumuiya ndogo ndogo hupitisha bahasha, shamba huwekwa rehani, na padre hutangaza mchango baada ya Misa. Hospitali za Kanisa nazo hutibu kwanza, zikabaki na madeni yasiyolipika. Tunachangia kwa ukarimu wa kweli, lakini mwenye ndugu wengi wenye uwezo hupona deni, na mjane asiye na mtu hubaki nalo. Tayari tuna mkataba usioandikwa kwamba binadamu haachwi kando ya barabara. Tunachokosa mara nyingi ni utaratibu wa kuutimiza kwa haki.

Hitimisho la robo karne

Mwaka 2023 Finkelstein na mwenzake wa miaka mingi, Liran Einav, walichapisha kitabu kiitwacho We've Got You Covered. Wanasema kwamba historia ya Marekani imejaa viraka: mpango kwa wazee, mwingine kwa watoto, mwingine kwa wenye ugonjwa fulani. Kila kiraka kinathibitisha kwamba jamii inajitambua kuwa na wajibu, na kila kiraka kinaacha pengo. Wanapendekeza bima ya msingi kwa kila mtu, inayoanza yenyewe bila maombi, isiyo na malipo wakati wa kutibiwa. Atakaye zaidi ajinunulie nyongeza.

Sehemu inayoshangaza ni ile ya kutolipa chochote wakati wa kutibiwa. Kwa miongo mingi wachumi wamefundisha kwamba mgonjwa akichangia kidogo hatatumia huduma ovyo. Finkelstein mwenyewe anakiri kwamba hoja hiyo ina ukweli. Takwimu za Oregon zinaonyesha wazi kwamba huduma isiyo na bei hutumika zaidi. Lakini kila nchi inayoweka malipo hayo hulazimika kuwasamehe watoto, wazee, wajawazito na maskini, hadi msamaha unakuwa mkubwa kuliko kanuni. Nchini England dawa huandikwa bei, lakini karibu tisa kati ya kila dawa kumi hutolewa bila mgonjwa kulipa. Kinachobaki ni urasimu wa kumpambanua nani anastahili.

Urasimu huo una waathirika wake. Katika kura ya Oregon, takribani asilimia 60 tu ya walioteuliwa ndio waliorudisha fomu za maombi, na karibu nusu ya hao ndio waliokutwa na sifa. Watu waliokuwa wamejiandikisha wenyewe walipotea katikati ya karatasi. Ndiyo maana sharti jipya la kuthibitisha saa 80 za kazi kila mwezi linatia hofu. Mtu anaweza kuwa anafanya kazi kweli, na bado akapoteza bima kwa kukosa kuwasilisha uthibitisho.

Kuhusu bei, ushahidi wa Afrika Mashariki unaelekea upande huohuo. Katika kliniki za wajawazito nchini Kenya, wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walionyesha mwaka 2010 kwamba vyandarua vilipotolewa bure karibu kila mama alichukua, lakini bei ilipofikia senti 60 za dola tu, idadi ya waliochukua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Bei inayoonekana ndogo mezani kwa mpangaji wa sera ni ukuta mbele ya mama asiye na kitu.

Kanisa linasema nini?

Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wake wa Kitume Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja huduma ya matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba matibabu kwa mfanyakazi yapatikane kwa urahisi, kwa bei nafuu, na ikiwezekana bila malipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inaiwajibisha jamii kuwasaidia raia wake kupata hali za maisha zinazowawezesha kukua, ikiwemo huduma ya afya.

Finkelstein hakuandika kama mwanateolojia, na tusimfanye kuwa shahidi wa mambo asiyoyasema. Yapo pia maswali ambayo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanamuuliza. Huduma ya msingi ni ya msingi kiasi gani? Ikiwa wenye nacho watajinunulia nyongeza na kuondoka katika foleni ya wote, ni nani atakayebaki na sauti ya kudai foleni hiyo iboreshwe? Upendeleo kwa maskini unadai kwamba kiwango cha chini kiwe kile ambacho sisi wenyewe tungekikubali kwa ajili ya wazazi wetu. Kanisa linadai pia kwamba kinachoitwa huduma ya afya kiheshimu uhai tangu kutungwa mimba hadi kifo cha kawaida.

Lakini katika jambo moja kubwa mchumi na katekista wanakutana: mshikamano wa kweli hupangwa kabla ya dhiki. Mchango wa dharura ni mafuta na divai vya Msamaria, navyo ni vya lazima. Bima ya haki ni zile dinari mbili na ahadi ya kurudi.

Yapo yanayoweza kufanyika bila kusubiri. Kanuni ya auni inatufundisha kwamba kile ambacho jumuiya ya chini inaweza kukifanya isinyang'anywe. Jumuiya ndogo ndogo zinajua ni kaya ipi haijasajiliwa katika mpango wa bima, ni mzee yupi hana kitambulisho, ni mjane yupi alishindwa kujaza fomu. Mwenyekiti na katibu wa jumuiya wanaweza kuwasindikiza hao hadi ofisi ya kijiji au mtaa, kwa kuwa kama Oregon ilivyoonyesha, wengi hupotea kati ya haki iliyotangazwa na karatasi iliyojazwa. Kamati za afya za parokia zinaweza kuwakumbusha waamini walio wazima kwamba kujiunga leo ni kumbebea mzigo jirani aliye mgonjwa leo. Hospitali zetu zinaweza kuandika kwa uwazi ni wagonjwa wangapi zinawatibu bila kulipwa, ili serikali na waamini wajue kiasi halisi cha deni la huruma.

Na sisi kama raia tuulize kila mpango wa bima unaoletwa mbele yetu: je, asiye na kitu ameingizwa kwa jina lake, au ameachiwa msamaha atakaoutafuta akiwa tayari amelazwa? Mifuko ikichelewa kuzilipa hospitali, je, ni nani anayekosa dawa? Mwenye nyumba ya wageni alimpokea majeruhi kwa sababu aliiamini ahadi ya Msamaria. Siku ahadi hiyo itakapovunjwa, mlango wake utafungwa, na majeruhi atakayefuata atabaki kando ya barabara.